Mgeni Hatoi Kahawa

Mpendwa Mama,

Shikamoo, Mama yangu. Nakupigia magoti hapa kwenye karatasi, maana huku nikipiga magoti kweli watadhani nimeanguka na wataita gari la wagonjwa. Hujambo, waitu, kipenzi chetu? Goti la kushoto linasemaje tangu mvua zianze? Na mnyauko wa migomba, je, umeishia kwa jirani au umeshavuka mpaka wa kibanja chetu? Nilimwambia Deusi kwenye simu awe anapitisha panga kwenye moto kila anapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, akanijibu "sawa, dada" kwa ile sauti yake ya mtu ambaye hatafanya. Msimamie. Mdogo wangu ni mtu mzima sasa, lakini bado anahitaji kusimamiwa.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya kuwatunza wazee inaendelea. Nawageuza, nawaogesha, nawalisha, na mmoja wao ananiita kwa jina la marehemu dada yake, nami naitika tu kwa sababu kumsahihisha kunamliza. Baridi ya mwaka huu ni ya kuua. Senene sikuonja hata mmoja, na nimesikia kwamba mlikaanga hadi mkagawia majirani. Sina kinyongo, ila nimesikia.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Simu yako, Mama, unaiweka spika, na nyumba nzima inasikiliza hadi anayepita njiani. Hili ninalotaka kukwambia si la spika. Halafu ndani ya bahasha nimeweka kitu kisichoweza kupita kwenye simu. Usikitafute sasa. Soma kwanza, wewe mwenyewe, polepole, kama unavyosoma Biblia yako, na usimpe Deusi akusomee. Barua inaletwa na mchungaji wa usharika wa hapa anayekuja kuwatembelea. Ni mtu mwaminifu, ila mpikie ndizi zilainike sana, kwa sababu meno yake si ya kuzaliwa nayo.

Mara ya mwisho tulipoongea uliniuliza, "Jovitha, niwaruhusu wamzike Evodi?" Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Najua Ta Projesti, mzee wetu wa ukoo, anapanda bodaboda kutoka Ihanda kila Jumapili baada ya ibada na kukukalia sebuleni. Najua anayoyasema, maana aliwahi kuyasema nikiwapo: kijana aliyejificha kwenye meli ya watu akaondoka nayo, asiandike, asipige simu, asionwe na yeyote miaka yote hii, huyo ni marehemu asiye na kaburi. Ukoo haukai na mtu wa nusunusu. Ukatwe mgomba, uvishwe shuka, uitwe jina lake, uzikwe kibanjani, kisha walio hai waendelee kuishi.

Na wewe najua unavyomjibu. Unamwambia, "Nilimzaa hai, na sijamwona amekufa." Mgomba ukishazikwa hauzikuliwi. Evodi mdogo wangu akirudi siku moja kwa miguu yake, atakuta ana kaburi na hana pa kuingilia, na aliyemfungia mlango ni mama yake. Lakini kama alikwisha kufa, na hamjamzika, basi yuko nje huko anazunguka na hana pa kulala. Hicho ndicho kinachokunyima usingizi, Mama, nami kinaninyima. Leo nina jibu. Lazima nikueleze nilivyolipata, la sivyo utasema baridi imeniingia kichwani.

Bomba la maji lilipasuka kwenye jengo ninaloishi. Lilipasuka kwa baridi, usinielewe vibaya, hakuna aliyeligonga. Nilirudi kutoka kazini nikakuta kitanda changu kimekaa kwenye dimbwi na viatu vinaelea. Msimamizi wetu kazini ana rafiki mwenye hoteli katikati ya mji wa kale, na wakati wa baridi watalii hakuna, vyumba viko vitupu. Basi mimi, binti wa kijijini Nyakatuntu, niliyelala kwenye mkeka na Evodi mpaka nikavunja ungo, nikapelekwa kukaa katika hoteli ambayo wanasema wafalme walilala humo. Ningekuwa na akili ningeuliza wafalme hao wako wapi sasa.

Mama, nyumba ile ni kubwa! Iko kwenye uwanja wa soko la zamani, ubavuni mwa kanisa, na vichochoro vya kuingilia vimetandikwa mawe yaliyolainishwa na miguu ya watu. Ngazi ni pana kupita mlango wa kanisa letu. Lifti ina geti la chuma la kukunja, unalifunga mwenyewe kwa mkono. Kuna vioo virefu kila mahali, vya zamani, vimeingia madoa meusi, kiasi kwamba ukipita unajiona mara mbili, halafu mara moja, halafu hujioni. Zulia ni nene hadi husikii mguu wako. Mtu akikufuata huko nyuma huwezi kujua. Darini kwenye chumba cha kulia wamechora matawi ya kahawa yenye punje nyekundu, kwa sababu waliojenga nyumba hiyo walikuwa wafanyabiashara wa kahawa. Nilisimama nikaangalia juu mpaka shingo ikauma. Nikajisemea, labda ni kahawa ya babu hii, imefika hapa kabla yangu.

Sasa sikiliza nilichokosea.

Nilipofika, kijana wa mapokezi alinipokea vizuri sana. Alibeba begi langu mwenyewe, akanipa taulo nijikaushe theluji. Moyo ukanilainika. Nikatoa kile kifurushi cha kahawa ya kutafuna ulichonifungia kwa jani kavu la mgomba, nikachukua punje moja, nikamnyooshea kwa mikono miwili kama tunavyofanya. Aliiangalia akatabasamu, akasema asante, ameshakula. Nadhani aliona nampa dawa ya minyoo. Mimi nikabaki na punje mkononi. Na wewe ulitufundisha kwamba kahawa ikishatoka kumkaribisha mtu hairudi kwenye kifurushi. Basi nikapanda nayo chumbani. Kulikuwa na meza ndogo ya duara na viti viwili vya mahameli nyekundu. Nikaweka punje kwenye kisahani, nikaweka na ya pili ili isikae peke yake, na mdomo wangu ukasema wenyewe kwa mazoea, "Karibu, tafuna."

Chumba kilikuwa kitupu. Sikumwita mtu kwa jina, nilisema tu karibu.

Baadaye ndipo nilipokumbuka. Mgeni hatoi kahawa. Mwenye nyumba ndiye hutoa, na anayeipokea ndiye mgeni wake, na akishatafuna kahawa yako humfukuzi, humwulizi anaondoka lini, na hawezi kuondoka mpaka umsindikize. Mimi nililala kwenye nyumba ya watu nikatoa kahawa, nikajifanya mwenyeji wa nyumba isiyo yangu, nikafungua mlango bila kuangalia aliyesimama nje. Kosa hilo mzungu hawezi kulifanya hata akitaka. Ni letu sisi.

Asubuhi kisahani kilikuwa na maganda tu.

Nilijiambia nimetafuna mwenyewe kwa usingizi. Nilikuwa nimechoka, na ukichoka unafanya mengi. Nikashuka kwenda kunywa chai. Pale anahudumu mama mmoja wa makamo anayeitwa Irma, mnene, mcheshi, mwenye soksi za sufu ndani ya viatu vya kazi. Akanipeleka kwenye meza ya dirishani. Ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili, na kikombe kimoja kilikuwa kimeshatumika.

"Kaka yako amewahi," akaniambia. "Ameshakunywa, ametoka."

Nikacheka. Unajua huku, Mama, sisi weusi wote kwao ni kaka na dada. Nikamwambia niko peke yangu, lazima ni mgeni mwingine. Akaomba radhi, akaondoa kikombe. Kesho yake meza ikaandaliwa tena kwa wawili. Pale mapokezi nikapewa funguo mbili. Nikarudisha mmoja. Jioni niliporudi kutoka kazini nikapewa mbili tena, na yule kijana akanitazama kama mimi ndiye niliyekosea.

Nikaanza kukasirika, maana unanijua. Nikamwuliza Irma, "Huyo kaka yangu unayemwona, yukoje?"

Akafikiri huku anapangusa birika. Akasema ni mwembamba, ana kofia ya sufu ambayo huivua na kuiweka gotini. Hasemi kitu. Akipewa kikombe hukipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, na Irma hajawahi kuona mteja mwenye adabu hiyo. Hukaa akitazama mlango, si dirisha, ingawa dirishani ndiko kuna mandhari. "Na mnafanana pua," akasema. "Lakini mwambie akaushe nguo zake. Kila siku ananiachia kiti kimelowa."

Nikakiangalia kiti. Nacho kilikuwa cha mahameli kama vya chumbani, na kilikuwa kimelowa kweli mahali pa kukalia, rangi nyekundu imekuwa ya zambarau. Irma alidhani ni theluji ya kwenye koti. Nami nikakubali, Mama, nilikubali kwa haraka sana, kwa sababu nilitaka iwe theluji. Halafu nikaona kisahani chake. Maganda ya kahawa yalikuwa yamepangwa ukingoni, moja baada ya jingine, yameuzunguka mduara wote.

Unakumbuka nani alikuwa anapanga maganda hivyo? Unakumbuka ulivyokuwa unamwambia, "Evodi, tema kama watu, hiyo ni kahawa si shanga"?

Sikwenda kazini siku hiyo. Nilipanda chumbani nikafungua kifurushi chako, nikakuta kimepungua sana, na mimi nilikuwa sijatafuna hata punje moja tangu nifike. Nikakaa kitandani na koti langu nikisikiliza mabomba ya joto yakigonga ukutani. Niliogopa. Nimefunga macho ya wafu wengi kwenye kazi hii, nawaosha, nawachana nywele, sijawahi kuogopa hata mmoja. Siku hiyo niliogopa kunawa uso kwa sababu ya kioo.

Mchana nilishuka tena. Chumba cha kulia kilikuwa kitupu, mwanga wa theluji umejaa hadi darini, matawi ya kahawa yanaonekana wazi. Kiti kilikuwa kimekauka. Pale palipokuwa na maji palibaki ukingo mweupe, kama unaobaki kwenye shati la mtu aliyelima juani. Nikapitisha kidole nikaonja.

Ilikuwa chumvi, Mama. Kutoka mji huu hadi baharini ni mwendo wa kutwa kwa treni.

Nadhani pale ndipo nilipojua. Sikulia. Nilikaa kwenye kiti changu cha upande wa pili, nikamtazama asiyekuwapo, nikakumbuka jambo ambalo sijui kama na wewe unalikumbuka. Tulipokuwa wadogo, mimi na Evodi tulifanya omukago nyuma ya jiko. Tulikuwa tumemsikia babu akieleza jinsi yeye na rafiki yake walivyochanjana na kula kahawa yenye damu wakawa ndugu, nasi tukaona ni jambo zuri. Tulichukua punje moja ya kahawa tukaipasua, ndani zimo tembe mbili zimelaliana kifua kwa kifua, kila mmoja akachukua yake. Ulitukuta tunatoka damu. Ulitupiga kidogo, halafu ukaketi ukacheka mpaka ukafuta machozi. Ukasema, "Mmetoka tumbo moja, mnatafuta undugu gani tena?"

Hukuuliza tuliapa nini. Tuliapa kwamba hakuna atakayezikwa bila mwenzake kumtupia udongo.

Ndiyo maana nilishindwa kukujibu kwenye simu. Wangezika mgomba nami niko huku, mkono wangu mtupu. Naye, nadhani, ndiyo maana hakwenda kwako. Alikuwa ananitafuta mimi, sijui kwa muda gani, katika miji ambayo sijafika, na sikuwa nimefungua mlango mahali popote mpaka nilipoweka kahawa kwenye kisahani nikasema karibu.

Baada ya hapo sikuogopa tena namna ile. Nilikuwa nashuka asubuhi, kikombe chake kimeshatumika, kiti kimelowa, nami nakaa nakunywa chai yangu mbele yake. Nilimpa habari. Nilimwambia Deusi ameoa na mke wake ana akili kumzidi. Nilimwambia yule ng'ombe alikufa. Irma alikuwa akipita ananisikia naongea lugha ya nyumbani na kiti, na hakushangaa hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba hakushangaa.

Kisha wakanipigia kwamba bomba limetengenezwa, nirudi kwangu. Nikajua siwezi kuondoka tu. Huwezi kumwacha mgeni wako amekaa kwenye nyumba ya watu wengine. Angebaki pale, Mama, anapewa kikombe na Irma asubuhi zote, akitazama mlango.

Siku ya kuondoka nilishuka mapema kabla hajatangulia. Kifurushini ilikuwa imebaki punje moja. Theluji ilikuwa inadondoka uwanjani na kengele ya kanisa ilikuwa imetoka kulia. Nikafanya kama inavyotakiwa tangu mwanzo. Nilisimama. Nikamwita kwa jina lake, nikamwuliza kwa Kinyambo amelalaje, nikanyamaza kwa muda wa mtu kujibu. Nikaipasua ile punje kwa meno, nikaweka tembe zote mbili katikati ya kisahani.

Irma akaita kutoka jikoni, "Yai unataka la kuchemsha?"

Niligeuka nikamjibu ndiyo. Niliporudisha uso, kwenye kisahani kulikuwa na tembe moja, nayo ilikuwa imesogezwa upande wangu. Na mbele yangu, nikiangalia kwa macho yangu haya, mahameli ya kiti kile ikaanza kubadilika rangi, kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu. Tone likaanguka sakafuni, kisha jingine. Kukaja harufu ya kutu na mafuta ya mashine.

Nakwambia ukweli kwa sababu wewe ni mama yangu. Nilitaka kuila ile tembe. Alikuwa ananiambia tule kama zamani, na huku, Mama, hakuna anayenisogezea kitu. Hakuna anayeweza hata kulitaja jina langu sawasawa. Niliifikisha mdomoni. Ilikuwa na chumvi, ilikuwa baridi, na mkono wangu wote hadi begani ukafa ganzi, na nikaona kabisa kwamba si vibaya, kwamba ni kama kulala.

Halafu nikakumbuka tulichoapa. Tuliapa udongo. Hatukuapa kufuatana.

Nikaitoa mdomoni. Nikamwambia kwa sauti, nikiwa nimekasirika kama dada mkubwa anavyopaswa, "Evodi, mimi hapa si mwenyeji. Mimi mwenyewe nimepewa pa kulala tu. Nilikukaribisha nyumba isiyo yangu, nisamehe. Mwenyeji wako yuko Nyakatuntu, ana maji motoni, na amekungoja mpaka goti limeharibika. Inuka nikusindikize."

Nikaifunga tembe kwenye kitambaa changu cha mkononi, nikachukua begi, nikatoka. Yai sikulila. Irma alikuja mbio kunifungulia mlango mkubwa, maana ni mzito. Nilipita. Yeye akaendelea kuushikilia wazi, akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo kwa upole, ndipo akaufunga.

Mimi sikugeuka. Mtu unayemsindikiza hakai nyuma yako, lakini nilihisi nikigeuka hataendelea. Nilitembea kwenye theluji mpaka nyumbani kwa mchungaji, nikamwomba karatasi na bahasha, na hapa ndipo ninapoandikia. Mke wake ameniuliza kwa nini mfuko mmoja wa koti langu unachuruzika maji na mwingine mkavu. Nimemwambia theluji.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mzike, Mama. Humfungii mlango. Mtoto wako alikufa majini, hakukusahau, na kama hakupiga simu ni kwa sababu hakufika popote pa kupigia. Ule mgomba wa enchoncho, wa ndizi za kupika, alioupanda mwenyewe karibu na jiko, huo ndio ukatwe, kama haujaguswa na mnyauko. Ukiwa umeguswa, ukatwe mgomba mdogo uliochipua kwake. Upasuliwe moyoni, tembe iliyomo katika bahasha iwekwe humo, ndipo uvishwe shuka. Wakati wa kutupa udongo tupa mara mbili, mara ya pili useme ni mkono wa Jovitha. Hapo nitakuwa nimetimiza kiapo. Na kama mwinjilisti atasema hayo ni mambo ya giza, mwambie asali tu sala yake ya mazishi kwa sauti, kwa sababu marehemu yupo.

Nisalimie Deusi na mke wake, nao wajitahidi nipate wa kunilea uzeeni. Msalimie shangazi wa Rugu aliyetufundisha kusuka mikeka, mwambie bado sijui. Mpe Ta Projesti shikamoo yangu, tena nzito, na umwambie ameshinda ila asitambe. Wasalimie wanakwaya wenzako. Mchungaji nimemwomba jambo moja tu, kwamba bahasha hii aiweke mfuko wa ndani, asiiache peke yake njiani, na akifika kwako aseme hodi mara mbili. Hakuuliza kwa nini. Ukikuta kona yake imelowa usimlaumu, ilikuwa imelowa nilipoifunga.

Sasa ndiyo itafute ile tembe. Iweke kwenye kisahani, kile chenye ua la bluu alichokuwa akigombea. Kaa mbele yake, Mama, wewe ndiwe mwenyeji.

Ukisikia kiti cha pili kimelia, usimwulize alikuwa wapi. Mpe kahawa kwanza.

Ni mimi binti yako, niliyemsindikiza mpaka nilipoweza,

Jovitha